Fidia ya Mikono ya Zuhura

Mguu wangu wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto kwa upana wa vidole viwili. Nauvalia kiatu kilichoongezwa soli, na ukinikuta asubuhi pande za Kisauni utaniona naenda zangu taratibu, bila gongo. Wanaojua kisa changu huja kunitafuta: mama ambaye mwanawe amegongwa na gari, mzee aliyeangukiwa na mzigo kazini. Karibu wote huanza na swali moja. "Fundi Athmani, ulipata ngapi?" Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Huwauliza kama wanajua mtu hulipwa kwa yapi. Hapo ndipo nilipokosea mimi, na kosa lenyewe sikulifanya kwa ujinga. Nililifanya kwa majivuno.

Mimi ni fundi wa kushona. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimeshona kanzu na sare za shule katika kibanda changu Ziwa la Ng'ombe, kwa cherehani ya kukanyaga. Mke wangu, Zuhura, alikuwa akikaanga mahamri alfajiri pale barazani kwetu, na ilipofika saa mbili beseni lilikuwa halina kitu. Binti yetu, Salma, tulimwoza Likoni. Hatukuwa matajiri, lakini hatukumgongea mtu mlango.

Siku ya ajali nilikwenda kumpima mteja kanzu kwenye nyumba aliyokuwa akiijenga. Lori la mchanga likawa linarudi nyuma, nami nimesimama nyuma yake, kichwa kwenye daftari, naandika vipimo. Hilo ni kosa langu, na hakimu alilisema baadaye. Lakini dereva naye hakuwa na mtu wa kumwelekeza, wala hakupiga honi. Lori lilinibana mguu ukutani. Nakumbuka nililiona daftari langu mchangani na kuwaza kwamba kipimo cha mabega sijakiandika.

Hiyo ilikuwa siku chache kabla ya masika. Mvua ilipokuwa ikinyesha mimi nilikuwa kitandani hospitalini, na ilipokatika nikarudishwa nyumbani na vyuma vimenipita mfupani, vimetokeza nje kila upande. Nyuma, kwenye shavu la mguu, palikuwa na jeraha lililokataa kufunga. Mfupa wenyewe ulikuwa umeingia uchafu, wakasema. Kila alfajiri na kila alasiri lilitakiwa lioshwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, likaushwe, lifungwe upya.

Sitaficha, kwa sababu wewe unayesoma huenda unayo hayo nyumbani sasa hivi. Jeraha la mfupa linanuka. Linanuka hata ukiwa umeoga, na pua yako mwenyewe haikuachi usahau. Mwili ulinipungua hadi saa ya mkononi ikawa yateleza mpaka kwenye kiwiko. Chooni sikuweza kwenda peke yangu. Zuhura alinibeba kwa bega, akanikalisha, akanisafisha, akanirudisha. Wageni walipobisha hodi, aliwahi kutia ubani kwenye chetezo kabla hajawafungulia. Wageni wakaingia, wakavuta pumzi, wakasema, "Mashallah, nyumba yenu yanukia." Nasi tukaitikia, "Karibuni, karibuni."

Mahamri aliyaacha wiki ile ile niliyorudi. Nilimuuliza kwa nini, kwani unga ulikuwapo.

"Mikono hii yaosha usaha saa kumi na moja," akanijibu. "Mtu akijua, atakula hamri langu? Na asipojua, mimi nitakuwa namlisha nini?"

Jioni moja akaja Mzee Kombo, jirani yangu tunayesali naye msikiti mmoja, akaketi kwenye kiti karibu nami.

"Naona Bi Zuhura kaacha biashara," akasema. "Mtaa mzima wanywa chai kavu."

"Nimemwachisha mimi," nikamwambia. "Ametumika sana yule. Nimemwambia sasa apumzike."

"Umefanya la maana. Mke ni kutunzwa."

Zuhura alikuwa nyuma ya pazia akimimina chai. Alitoka, akampa Mzee Kombo kikombe chake, akanipa changu, akarudi ndani. Hakunitazama. Namna ile alivyoshika sinia naikumbuka kuliko maumivu yote ya vyuma.

Kliniki ya mifupa ilikuwa kila Jumanne ya pili. Ukifika saa kumi na mbili unapata nambari nzuri, ukifika saa moja unakaa hadi adhuhuri. Benchi lilikuwa la ubao, na sisi wenye vyuma tulikaa mwisho wake ili tunyooshe miguu bila kuwakwaruza wengine. Hapo nilijuana na Okumu, mtu wa makamo, mpakuaji mizigo kutoka Changamwe, naye ana vyuma kama vyangu.

"Mzee, leo antena yako imeshika stesheni gani?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Matangazo ya vifo," nikamjibu.

"Hapana, zungusha! Tafuta taarabu!"

Tukacheka mpaka nesi akatunyamazisha. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu masika. Mwenye kuugua ukimpata mtu kama huyo benchini, kaa karibu naye.

Okumu ndiye aliyeniuliza kama nina wakili. Nikamwambia nimesamehe, ajali ni kadari.

"Kadari ni ya Mungu, sawa," akasema. "Lakini lori lina bima, mzee. Mungu hakusema bima ikae tu huko ikinenepa na wewe unauza cherehani."

Kweli nilikuwa nimeshaiuza moja. Akanipa nambari ya wakili wake, mwanamke wa Kikamba aitwaye Nduku, ambaye ofisi yake iko ghorofani. Ngazi zilikuwa ishirini na mbili. Nilizipanda kwa makalio, kinyumenyume, ngazi moja moja, na Zuhura akiwa chini yangu ameubeba mguu na vyuma vyake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Tulipofika juu, jasho lilikuwa limemlowesha buibui. Akakaa kwenye benchi la nje. Mimi nikaingia kwa magongo na kufunga mlango nyuma yangu.

Wakili Nduku alikuwa na hati ya polisi na fomu ya P3 iliyojazwa na daktari mbele yake. Aliniambia nimefanya vizuri kuja mapema, kwani ningeacha miaka mitatu ipite mlango ungekuwa umefungwa. Kisha akaanza kuniuliza, na kadiri alivyouliza ndivyo nilivyoelewa kwamba fidia haitolewi kwa jumla kama mchango wa msibani. Kila hasara ina fungu lake, na usipoitaja hailipwi. Kuna ya maumivu yenyewe na kilema kinachobaki. Hiyo hakimu hupima kwa ripoti ya daktari na kwa kesi zilizotangulia. Kuna ya pesa ulizokwisha kutoa, na hiyo bila risiti huipati. Hapo nikainamisha kichwa. Risiti za miezi ya mwanzo nilikuwa nimemwambia Salma azichome kabla ya Ramadhani, kwa sababu sikutaka karatasi za ugonjwa zikae ndani mwangu wakati wa mfungo. Wakili alifumba macho kidogo, akaandika kitu, akaendelea. Akaniuliza kazi yangu na nilikuwa nikipata nini kwa mwezi, na kama mguu ule utakanyaga cherehani tena. Akauliza operesheni zilizobaki mbele. Kisha akauliza:

"Na nyumbani, mzee, nani anakusaidia? Kuoga, kuosha kidonda, choo?"

Alikuwa na umri wa Salma. Nikaona aibu imenipanda hadi masikioni.

"Najihudumia mwenyewe," nikasema.

"Yote?"

"Yote."

Akaandika. Nikatia sahihi. Nikatoka, na Zuhura akainuka benchini, akaushika mguu, tukateremka zile ngazi ishirini na mbili.

Wakati huo nilijiambia kuwa namsitiri. Kwetu mambo ya chumbani hayatoki, na mume hataji mbele ya watu kwamba mkewe humtawaza chooni. Lakini nikisema kweli, niliyekuwa nikimsitiri ni mimi.

Vuli ikapita. Jua la kaskazi lilipokuwa kali kabisa, wakili akatuita kusoma madai kabla hayajapelekwa mahakamani. Siku hiyo alimwona Zuhura pale nje, akamwambia, "Mama, ingia, kuna joto." Akatusomea fungu baada ya fungu, akiyafasiri kwa Kiswahili. Maumivu. Risiti zilizosalia. Kazi niliyoikosa na nitakayoikosa. Operesheni na viatu vya baadaye. Alipofika mwisho akasema, "Msaada wa nyumbani, hakuna. Mzee anajihudumia mwenyewe."

Zuhura akaubeba mguu wangu, tukateremka zile ngazi kama siku zote. Asubuhi yake alikuja na beseni la maji ya chumvi, bendeji, mkasi na taulo, akaviweka sakafuni karibu nami. Kisha akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono.

"Haya," akasema.

"Haya nini, Mama Salma?"

"Jihudumie. Nataka nami nione."

Nilidhani ni mzaha. Nikangoja. Akaangalia dirishani. Basi nikainama, lakini goti lilikuwa limekakamaa na vyuma vilinizuia. Jeraha liko nyuma, mkono haufiki. Nikajaribu kulala ubavu. Maji yakamwagika, bendeji ikaloa sakafuni. Nikajaribu kuutumia mkasi bila kuona na nikajikata kidole. Nilikuwa na miaka sitini na tatu, nimelala sakafuni mwangu kwenye maji ya chumvi, nikilia kama mtu aliyefiwa.

"Sikutaka wajue," nikamwambia.

"Wajue nini? Kwamba nilikuosha?" Alikuwa amesimama sasa. "Mimi sikuona haya kukuosha, Baba Salma. Wewe umeona haya mimi kuwapo. Wamwambia Mzee Kombo nimepumzika. Wamwambia wakili sipo. Basi nilikuwa wapi mimi siku zote hizi? Nilikwenda kutembea?"

Nikamwomba radhi pale pale chini. Akaenda kuchemsha maji mengine, kwa sababu yale yalikuwa yameingia uchafu. Aliponifunga jeraha mikono yake ilikuwa laini kama siku zote, na hilo lilinichoma zaidi.

Alasiri nilimpigia simu wakili, mimi mwenyewe. "Binti yangu, nilikudanganya," nikamwambia. Akashusha pumzi.

"Mzee, nitayarekebisha madai kabla hayajaingia kortini. Lakini ile karatasi ya kwanza uliyoweka sahihi, bima wanayo. Niliwatumia tukijaribu kuelewana. Watakuuliza. Na utajibu mbele ya watu."

"Nitajibu."

"Kila kitu?"

Nikamtazama Zuhura. Nikamuuliza kama aniruhusu, kwa kuwa siri ile ilikuwa yake pia. Akasema, "Sema. Ila usinipambe."

Masika ya pili yakaja. Vyuma vikatolewa, jeraha likabaki. Wakati wa upepo wa kusi nikapasuliwa tena, wakakata kipande cha mfupa kilichooza, na ndipo mguu ulipofupika. Vuli ilipokuwa ikiisha, asubuhi moja Zuhura alifungua bendeji akaikuta kavu. Hakuamini. Akaifunga upya, na alasiri akaifungua tena. Kavu. Alikaa chini palepale akaweka kiganja chake juu ya kovu.

Kesi ilisikizwa mwaka uliofuata, katika mahakama ya Shanzu. Nilitembea mwenyewe kutoka lango hadi ndani kwa gongo moja. Salma alikuja kutoka Likoni. Nyuma kabisa walikaa wazee watatu wa msikitini waliokuja kuniunga mkono, na wa katikati yao alikuwa Mzee Kombo. Nilipomwona, nikageuza macho.

Wakili wa bima alikuwa kijana mtaratibu, mwenye adabu. Aliinua karatasi.

"Mzee, hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Hapa unasema unajihudumia mwenyewe. Kwenye madai unasema mke wako alikuhudumia mchana na usiku. Kati ya haya mawili, uongo ni upi?"

"La kwanza," nikasema. "Hilo la kwanza ni uongo, na mwenye uongo ni mimi."

Kijana yule hakulitarajia jibu hilo.

"Kwa nini udanganye?"

"Kwa haya, bwana. Na kwa majivuno." Kisha nikamgeukia hakimu, mwanamama mwenye miwani, nikayasema yote. Nilisema habari za choo. Nilisema habari za usaha na ubani. Nikasema kwamba mke wangu aliacha biashara yake kwa sababu hakutaka mikono ile iwalishe watu, nami nikawaambia majirani kuwa nimempumzisha. Nilisema nikitazama mbele, lakini nilijua Mzee Kombo yuko nyuma na masikio yake yako wazi. Nilidhani nitajiona mdogo. Wallahi, nilipomaliza mgongo wangu ulikuwa umenyooka kuliko siku yoyote tangu lori lile.

Zuhura aliitwa baada yangu. Alieleza kwa maneno machache, saa hii nilifanya hili, saa hii nilifanya lile. Wakili wa bima akamuuliza kwa upole:

"Mama, kuna mtu alikulipa kwa kazi hiyo?"

"Mke hulipwa na nani, mwanangu?"

"Ndiyo maana nauliza. Kumtunza mume mgonjwa si ni wajibu wa mke?"

"Ni wajibu wangu," akasema Zuhura. "Nami nimeutimiza, na mume wangu simdai hata ndururu. Lakini mwenye lori hakunioa. Yeye wajibu wangu kwake ni upi, hata niache kazi yangu nimfanyie yake bure?"

Watu wakacheka, karani akacheka, na nilimwona hakimu akivua miwani na kuifuta. Wakili wa bima akasema hana swali zaidi. Nimeishi na mwanamke huyo miaka arubaini, nami nilikaa pale nikimtazama kama bwana harusi.

Nje, kwenye veranda, Mzee Kombo alinipita bila kunipa mkono. Alikwenda moja kwa moja kwa Zuhura, akasimama mbele yake.

"Shemeji, sisi tuliambiwa umepumzika."

"Basi nilipumzika sana," akamjibu, na wote wawili wakacheka. Mimi sikuwa na haki ya kucheka, nikatazama kiatu changu.

Hukumu ilitolewa miezi michache baadaye. Hatukupata yote. Risiti zilizochomwa hazikulipwa hata moja, na ni haki. Kwa kuwa nilisimama nyuma ya lori bila kuangalia, hakimu alinibebesha sehemu ya kosa na kila fungu likapunguzwa kidogo. Kazi yangu ililipwa chini ya nilivyotaraji, maana sikuwa na daftari la mapato; mafundi wenzangu, wekeni daftari. Maumivu yalilipwa, na viatu vya baadaye vililipwa. Na fungu la msaada wa nyumbani lilikubaliwa. Tulipopata pesa nilimpa Zuhura fungu hilo lote mkononi, na alilolifanyia ni lake, sijamuuliza.

Ukiwa na mgonjwa, au ukiwa wewe ndiye mgonjwa, hili ndilo ninalokuachia. Weka kila karatasi. Usimfiche wakili wako kitu. Na akikuuliza ni nani anayekuosha, mtaje kwa jina lake siku hiyo hiyo, usingoje mpaka ulale kwenye maji ya chumvi kama mimi.

Nakala ya hukumu iko kwa Kiingereza, na Zuhura Kiingereza hakusoma. Siku tuliyoipokea alileta kiti karibu nami mchana, akaniambia nimsomee pale panapomhusu. Nikatafuta ukurasa. Nikamfasiria neno kwa neno: mahakama imeridhika kwamba Zuhura Bakari, mke wa mdai, aliacha biashara yake na kumhudumia mdai kwa miezi kumi na minane, kazi ambayo bila yeye ingebidi aajiriwe mtu.

Alisikiliza amefumba macho. Kisha akayafumbua.

"Wamekosea," akasema. "Ilikuwa kumi na tisa."

"Turudi kwa hakimu?"

"Mwacheni hakimu wa watu na kazi zake. Bora wewe ujue ni kumi na tisa."

Nikamwambia najua.